Taji, Nyota na Namba Mbili: Raifo ya Mjomba Inasema Nini?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Tabora mjini, nina shamba la mahindi na mizinga ya nyuki upande wa Sikonge. Mjomba wangu alifariki mwaka juzi akaacha raifo ya zamani aliyoimiliki kwa leseni. Silaha ilikaa kwenye ghala la polisi hadi mirathi ilipokamilika, nikaomba leseni kwa jina langu, na mwezi uliopita nimekabidhiwa. Kwenye chuma kinachoshika kitako, upande wa kulia, kuna taji, herufi G.R., ENFIELD, 1917, SHT.L.E., kisha III yenye kinyota. Juu ya mtutu kuna nyota kubwa kidogo ya pembe sita, na maandishi BNP, .303, 2.222" na 18.5 TONS. Namba ya mwili wa bunduki si sawa na namba ya bolti. Kitakoni kuna mistari saba iliyochongwa kwa kisu. Tumekua tukiambiwa kwamba babu aliinyakua kwa Mjerumani siku Tabora ilipoanguka. Jirani anasema namba hizo ni ramani ya mali ya Mjerumani na kwamba nyota ni dalili ya chuma chenye zebaki. Naomba kujua ukweli, na kama naweza kuitumia kwa nguruwe pori msimu huu."

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Nitaanza na swali uliloliweka mwisho, kwa kuwa ndilo lenye haraka: usiifyatue bunduki hiyo hata mara moja, hata kwa kujaribu tu porini, mpaka fundi wa silaha mwenye kibali aipime pale komeo linapokutana na mtutu. Komeo ndiyo hiyo bolti uliyoitaja. Namba zake kutolingana na za mwili ndilo jambo pekee katika barua yako lililonifanya nikae wima kitini. Hayo mengine ni historia, nayo imesubiri miaka mia na zaidi, haitaharibika kwa kusubiri wiki mbili.

Kabla ya kusoma alama yoyote, hakikisha bunduki haina risasi, na usiridhike kwa kuambiwa kwamba ghalani walishaikagua. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, toa kasha la risasi lililo mbele ya kifyatulio, vuta komeo nyuma hadi mwisho, angalia ndani ya chumba cha risasi kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo upapase. Macho hudanganywa na giza la chuma, kidole hakidanganyiki. Watoto na wageni wawe nje ya chumba, na kusiwe na risasi hata moja juu ya meza hiyo.

Baada ya hapo tafuta tochi, kipande cha chaki nyeupe na kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya mashine. Shika tochi kwa ubavu ili mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari, maana mwanga wa moja kwa moja hufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyosomeka. Paka chaki juu ya maandishi, kisha pangusa taratibu kwa kidole, unga utabaki ndani ya michoro na herufi zitajitokeza nyeupe juu ya chuma cheusi. Msasa usiuguse kabisa. Nimeona bunduki nyingi zilizoletwa zikiwa zinang'aa kama sufuria mpya, mwenyewe akidhani ameniletea kitu kizuri, kumbe amefuta nusu ya kitambulisho chake. Zaidi ya hasara hiyo, kufuta au kubadili alama za utambulisho za silaha ni kosa kisheria, na polisi hawatakuwa na namna ya kujua kama ulifuta kwa usafi au kwa hila.

Alama za bunduki ya jeshi ni sauti za watu watatu waliosema kwa nyakati tofauti. Wa kwanza ni aliyeitengeneza, wa pili ni aliyeikagua, na wa tatu ni aliyeimiliki. Makosa mengi ya kusoma alama hutokana na kuzichanganya sauti hizo, mtu akachukua neno la mkaguzi akadhani ni la mwenye mali, au akachukua mwaka wa kutengenezwa akadhani ni mwaka wa vita.

Aliyeitengeneza ndiye anayesema upande wa kulia wa kile chuma kinachoshika kitako. Taji na herufi G.R. ni za mfalme George wa Tano wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1910 hadi 1936. ENFIELD ni kiwanda cha serikali ya Uingereza kilichokuwa kaskazini mwa London. SHT.L.E. ni kifupi cha jina la aina ya bunduki: neno la kwanza linamaanisha "fupi", L ni Lee, yaani James Paris Lee aliyebuni mtindo wa komeo lake na kasha lake la risasi, na E ni Enfield. Aina hiyohiyo ilitengenezwa pia na viwanda vingine, navyo huandikwa mahali hapohapo: BSA Co. ya Birmingham, ambayo wazee wa Tabora huenda wanaikumbuka kwa baiskeli zenye nembo ya bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja, LSA Co. ya London, Lithgow ya Australia, na Ishapore ya India.

Hapo ndipo hadithi ya nyumbani inapopata shida. Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba 1916, na walioingia mjini walikuwa Wabelgiji na askari wao kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, baada ya Kigoma kuchukuliwa mwezi Julai mwaka huohuo. Bunduki yako ina mwaka 1917. Siku Mjerumani anaondoka Tabora, chuma hicho kilikuwa bado hakijawa bunduki. Tena ni bunduki ya Mwingereza, na Mwingereza hakuwa ndiye aliyeingia Tabora siku ile.

Askari wengi wa Kijerumani wa huku, vita ilipoanza 1914, walibeba Mauser ya mtindo wa 1871, yenye tundu la milimita 11 na baruti nyeusi iliyotoa moshi mwingi kiasi cha kumwonyesha adui mahali ulipojificha. Wengine walikuwa na Mauser mpya zaidi, ya mtindo wa 1898, ambayo ubavuni kushoto huandikwa "Gew. 98" na juu yake, pale mtutu unapoingia mwilini, huwa na taji, jina la kiwanda kama Spandau, Danzig, Amberg au Erfurt, na mwaka. Zingatia kwamba na Mjerumani naye alipiga taji. Taji peke yake halimtaji mtu, ni herufi zilizo chini yake na jina la kiwanda ndivyo vinavyomtaja. Ukitaka ushahidi wa mkono, komeo likiwa limetolewa na bunduki ikiwa tupu, ingiza penseli ya kawaida mdomoni mwa mtutu: itaingia na kuacha nafasi ndogo tu, kwa kuwa tundu la .303 ni milimita 7.7 hivi. Kwenye Mauser ya 1871 penseli hiyo ingecheza kama mchi ndani ya kinu.

Sisemi kwamba babu yako alidanganya. Hadithi za familia zina tabia ya kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Huenda ilikuwapo bunduki nyingine, ikasalimishwa au ikachukuliwa zamani, na hadithi yake ikabaki ndani ya nyumba ikitafuta pa kukaa, hata ilipokuja hii ikakaa juu yake.

Kinyota kinachofuata III si daraja la ubora, kama wengi wanavyodhani kwa kufananisha na nyota za hoteli. Ni kinyume chake. Vita vilipokuwa vikubwa viwanda vilihitaji kutoa bunduki nyingi kwa muda mfupi, na mwaka 1916 jeshi la Uingereza likakubali rasmi bunduki hiyo itengenezwe bila baadhi ya vipande, kama vile kile kibati cha kuzuia risasi za kwenye kasha na zile shabaha za ubavuni za kulengea mbali sana. Bunduki iliyopunguziwa ikapewa alama ya kinyota ili mafundi wajue. Ilipigana vilevile na haikuwa mbovu, lakini nyota hiyo ni alama ya kilichotolewa, wala haikuongeza kitu.

Nyota kubwa ya pembe sita ni jambo jingine kabisa. Iangalie tena kwa tochi, utaona kwamba si nyota. Ni mishale miwili mifupi na mipana inayogusana kwa ncha. Mshale mmoja wa namna hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na utaukuta umepigwa sehemu nyingi za bunduki hiyo, hata kwenye vipande vidogo. Serikali ilipoiuza silaha na kuitoa katika daftari lake, ilipiga mshale wa pili ukiukabili wa kwanza, na maana yake kwa kifupi ni "imeuzwa, si yetu tena". Hiyo ndiyo sauti ya mwenye mali, na ni alama ninayofurahi kuikuta, kwa kuwa inaonyesha kwamba bunduki ilitoka jeshini kwa mlango wa mbele.

Vialama vingine vidogo mno, vyenye taji, herufi na tarakimu, ni vya wakaguzi wa kiwandani. Kila mkaguzi alikuwa na kigongeo chake, akipitisha kipande anakigonga. Havina siri nyingine, na mtu anayetaka kukuuzia tafsiri ya kila kimoja anakupotezea muda.

Maandishi ya BNP yanastahili kukaliwa kidogo. Uingereza haikuruhusu, na hadi leo hairuhusu, bunduki kuuzwa kwa raia bila kujaribiwa katika nyumba ya majaribio iliyowekwa na sheria, na nyumba hizo ziko mbili, London na Birmingham. BNP chini ya taji ni muhuri wa Birmingham kwa silaha zinazotumia baruti ya kisasa isiyo na moshi, na muhuri wa umbo hilo ulianza na kanuni za mwaka 1954. Maana yake ni nzito kwa hadithi yenu kuliko hata ule mwaka 1917: bunduki hii ilikuwa mikononi mwa watu wa Birmingham, mezani pa mjaribu, katika mwaka 1954 au baada yake. Ilikuja huku baada ya hapo, kama bidhaa, na kuna mtu aliyeinunua.

Namba zinazoufuata muhuri huo zinaeleza kilichojaribiwa. .303 ni kipimo cha tundu kwa inchi. 2.222" ni urefu wa ganda la risasi linalostahili chumba hicho, sawa na milimita 56.4. 18.5 TONS ni shinikizo ambalo silaha iliruhusiwa kulibeba katika kazi ya kawaida, tani kumi na nane na nusu kwa kila inchi ya mraba. Tani ya Kiingereza ni pauni 2,240, kwa hiyo hapo tunazungumzia zaidi ya pauni 41,000. Lori linaloshusha tumbaku kutoka Urambo hujazwa upepo wa pauni 100 hivi kwenye matairi yake, na kila mmoja wetu anajua kishindo cha tairi hilo linapopasuka. Ndani ya chumba cha risasi, sentimita chache kutoka shavuni mwako, kuna shinikizo la zaidi ya mara mia nne ya hilo, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Watu huona muhuri huo wakatulia, wakisema bunduki imejaribiwa. Imejaribiwa kweli, na kwa risasi kali kuliko za kawaida, lakini ilijaribiwa siku ile, ikiwa na komeo lililokuwamo siku ile. Muhuri haujui kutu iliyoingia baadaye, haujui kama mtutu ulishawahi kuzibwa na udongo, na zaidi ya yote haujui kama mtu amebadilisha komeo.

Sasa tufike kwenye hizo namba mbili. Bunduki ya aina hii ilipewa namba moja iliyopigwa sehemu kadhaa: upande wa kulia wa mwili kwa mbele, kwenye mtutu, nyuma ya shina la mkono wa komeo, chini ya kibao cha shabaha ya nyuma, na kwenye kile chuma cha mdomoni kinachoshika mbao. Hawakufanya hivyo kwa mapambo. Komeo la Lee hujifunga kwa meno mawili yaliyo upande wake wa nyuma, na fundi wa kiwandani aliyasugua meno hayo hadi yakalie sawasawa pande zote mbili katika mwili wa bunduki moja mahususi, kama kufuli linavyozoeana na funguo wake. Ukichukua komeo la bunduki nyingine, litaingia, litafunga na kufunguka vizuri, na hilo ndilo linalowadanganya watu, kwa sababu mkono hauwezi kuhisi tofauti inayoua.

Ganda la risasi ya .303 lina ukingo uliojitokeza kwenye kitako chake, kama ukingo wa kifuniko cha sufuria. Ukingo huo ndio unaozuia risasi isizame ndani ya mtutu. Kati ya uso wa komeo na ukuta wa mtutu inabaki nafasi ya ukingo huo kukaa, na nafasi hiyo ndiyo fundi anayoipima. Hutumia vipande viwili vya chuma kigumu vilivyotengenezwa kwa usahihi: cha kwanza kina unene wa inchi 0.064, na komeo lazima lifunge juu yake, cha pili kina inchi 0.074, na komeo halipaswi kufunga juu yake. Tofauti kati yao ni robo ya milimita, unene wa kurasa mbili na nusu za daftari la shule.

Komeo likifunga hata juu ya kipande kinene, basi nafasi ni kubwa mno. Bunduki ikilia, sehemu ya mbele ya ganda hutanuka na kung'ang'ania kuta za chumba, huku kitako chake kikisukumwa nyuma kulifuata komeo. Shaba iliyo katikati huvutika, hukonda, na mwishowe hukatika mviringo, kidogo tu juu ya kitako. Gesi yenye shinikizo nililolieleza hapo juu hutafuta njia ya kurudi nyuma, na nyuma ndipo ulipo uso wako.

Niliwahi kuletewa ganda la namna hiyo nikiwa Kigoma. Mzee mmoja mwindaji alikuwa amepoteza komeo lake safarini, akaazima la rafiki yake mwenye bunduki ya aina hiyohiyo, akapiga risasi nne bila tatizo. Ya tano ilitoka vizuri na ilipata ilipolengwa, lakini alipovuta komeo kilitoka kitako cha ganda peke yake, kama kisoda, na sehemu iliyobaki ilikwama ndani. Nyusi zake zilikuwa zimeungua na jicho moja lilikuwa jekundu kwa wiki nzima. Nilimwomba yale maganda manne ya mwanzo nikayatazama kwa tochi: matatu yalikuwa na mstari unaong'aa kuzunguka shaba, sentimita moja hivi juu ya kitako. Yalikuwa yameshaanza kukatika, ila hakuna aliyeyaangalia.

Kwa haki, komeo lisilolingana namba si lazima liwe baya. Mafundi wa jeshi walibadilisha makomeo yaliyochakaa, wakapima, na mara nyingi wakaichapa namba ya zamani mstari na kupiga mpya. Kwa hiyo angalia: ukiona namba ya komeo imechapwa mstari na kando yake kuna nyingine inayofanana na ya mwili, hiyo ni kazi ya fundi aliyejua anachofanya. Ukiona namba ngeni tu, safi, isiyoguswa, basi makomeo yalibadilishana mahali fulani, pengine ghalani, pengine dukani, pengine nyumbani kwa mtu aliyekuwa na bunduki mbili, na hakuna anayeweza kukuambia kama lilipimwa. Kwa barua ulivyoiandika, naona kama yako ni ya aina hii ya pili. Huenda ikapimwa ikakutwa salama kabisa. Lakini kipimo kiseme, tusiseme sisi.

Tafuta pia herufi DP, zilizopigwa kwenye chuma au kuandikwa kitakoni. Hizo zilipigwa kwenye bunduki za kufundishia gwaride tu, zilizokataliwa kupigwa risasi, na nyingine zilitobolewa tundu kwenye chumba cha risasi. Ukizikuta, mjadala wa kutumia umekwisha, kipimo hakihitajiki. India ilitengeneza kuanzia miaka ya 1960 bunduki inayofanana sana na yako kwa sura ila inatumia risasi za 7.62. Yako si hiyo, maandishi yanajieleza, lakini nakutajia kwa sababu wapo wanaonunua risasi kwa kutazama umbo la bunduki badala ya kusoma mtutu.

Upo upande wa sheria pia katika hizo namba. Namba inayoitambulisha silaha ni ile ya mwili. Fungua leseni yako leo, usome namba iliyoandikwa, uilinganishe na ya mwili tarakimu kwa tarakimu, pamoja na herufi kama ipo. Nimeona leseni zilizoandikwa namba ya komeo kwa kuwa ndiyo iliyosomeka kwa urahisi siku ya ukaguzi. Ikiwa ndivyo, nenda mwenyewe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ukaombe irekebishwe, kabla hujakutana na askari njiani ambaye atasoma namba moja kwenye karatasi na nyingine kwenye chuma. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huwezi kuiuza, kuiazimisha wala kuihamisha kwa mtu mwingine bila kupitia kwao, na katika nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, namba na alama ndiyo njia ya kufuatilia kila silaha ilikotoka. Kwa sababu hiyohiyo, usitume picha za namba hizo kwenye makundi ya simu ukiomba msaada wa kuzisoma.

Kuhusu jirani yako, nitasema machache. Huku kwetu kila kitu cha Mjerumani kina ramani ndani yake, kuanzia mawe ya mipaka hadi cherehani, na hapa hata Mjerumani mwenyewe hayupo. Chuma hicho ni chuma. Hakina zebaki, na anayekuja na fedha mkononi akitaka kukikata ili "aipime" anakutafutia kesi.

Sasa nguruwe. Leseni ya kumiliki silaha si kibali cha kuwinda. Hata mnyama akiingia shambani kwako, mtu wa kwanza kumwona ni afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye atakuambia nini kinaruhusiwa na nani atakifanya. Risasi ya .303 huweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili ikikosa lengo, na misitu ya Sikonge ina watu wengi wasioonekana, warina asali wakiwamo wenzako. Kwa maoni yangu hii si bunduki ya kufukuzia nguruwe usiku kwenye mahindi, hata ikiwa nzima. Ikiwa mjomba aliacha risasi, usizitumie, zikabidhi polisi: risasi za zamani za jeshi nyingi zilikuwa na fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hula chuma kwa siku chache katika msimu wa mvua. Huenda ndiyo iliyoutafuna mtutu wako tayari, nalo fundi ataliona.

Una njia tatu za haki. Unaweza kuipima na, ikihitajika, kuwekewa komeo linalofaa, ukijua kwamba gharama ya kumpata fundi na vipuri inaweza kuzidi faida ya bunduki yenyewe. Unaweza kuihifadhi bila kuitumia, kwa masharti yaleyale ya leseni na kabati la chuma, bila kuifunga kwenye ala ya ngozi au blanketi, maana hivyo hushika unyevu, na ukikagua mbao kila baada ya miezi michache kwa ajili ya mchwa. Au unaweza kuisalimisha polisi, na hakuna aibu katika hilo. Ningekuwa wewe ningechagua ya kwanza hadi kwenye kipimo tu, kisha ningeamua. Waulize ofisi ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa hapo Tabora ni fundi gani anatambuliwa, na waombe maelekezo ya maandishi ya kuisafirisha kabla hujaipakia kwenye gari.

Ukiwa ofisini kwao, omba pia kuelezwa, kama inaruhusiwa, ni mwaka gani silaha hiyo iliandikishwa mara ya kwanza na kwa jina la nani. Tayari tunajua ilipita Birmingham si kabla ya 1954, na jalada la leseni linaweza kutaja aliyeipokea huku.

Ile mistari saba ya kitakoni hakuna jeshi lililoagiza ichongwe, na mimi siwezi kuisoma. Inaweza kuwa wanyama, misimu, watoto, au mchezo wa kisu cha mtu aliyekuwa akisubiri kitu. Usiisugue wala usiipake rangi. Mkaza mjomba wako, kama yu hai, ameishi na kitako hicho kikiwa kimeegemea ukuta wa chumba chake, nenda ukamsalimie, umwonyeshe picha ya mistari hiyo, na umwache azungumze kabla hujamwambia lolote kuhusu mwaka 1917.